Koplo Aliyejua Ng'ombe Yuko Wapi

Winifrida hakuwa na subira na wapelelezi wa kwenye televisheni, na alikuwa na sababu zake. Miaka thelathini na mmoja alivaa sare ya polisi, na ishirini na minne kati ya hiyo aliimalizia kaunta ya kituo kimoja cha mkoa wetu wa Rukwa, akiandika habari za kuku walioibwa, wake waliopigwa, baiskeli zilizopotelea mnadani na mipaka ya mashamba iliyohama yenyewe. Aliingia kaunta akiwa koplo na akatoka akiwa koplo. Ukimwuliza kwa nini hakupandishwa cheo, alikujibu kwamba vyeo vilipita mbele yake kila siku vikielekea ofisi za ndani, na hakuna hata kimoja kilichosimama kusalimia.

Alipostaafu alihamia kwenye nyumba yake hapa Katandala, mjini Sumbawanga, na binti yake aliyeolewa Mbeya akamletea televisheni na king'amuzi ili asisumbuliwe na upweke. Upweke haukumsumbua. Kilichomsumbua ni tamthilia za upelelezi. Kila jioni alikaa kwenye kochi, blanketi magotini, akawasema wapelelezi mmoja baada ya mwingine kwa sauti tulivu ya mtu anayesali rozari. Huyu haandiki maelezo ya mtu yeyote. Huyu ameshika kisu cha mauaji kwa mkono mtupu. Huyu gari lake halijawahi kukosa mafuta tangu tamthilia ianze. Huyu amemkamata mwuaji sasa hivi kwa sababu tangazo la sabuni linakaribia. Sisi majirani tulianza kwenda kwake jioni, na wengi wetu hatukuwa tunatazama televisheni kabisa, tulikuwa tunamtazama yeye.

Kuna mahali pamoja ambapo hakusema neno. Mnajua ile desturi yao: mpelelezi anawakusanya watu wote sebuleni, anapita mbele yao taratibu, halafu ananyoosha kidole. Ikifika hapo Winifrida alichukua rimoti akazima. Tulidhani ni dharau tu imemzidi.

Kumbe kulikuwa na habari nyuma yake, ya Juni mwaka 2009. Mfanyabiashara mmoja wa mjini Sumbawanga aliibiwa mota ya mashine yake ya kusaga, na kesi ikapewa Inspekta Adolfu. Huyu alikuwa mwanamume mrefu, miwani nyeusi asubuhi hadi jioni, viatu vinang'aa hata wakati wa masika, na aliamini kwamba hatia ina harufu na kwamba pua yake imesomea. Hakuuliza nani ana ufunguo wa mashine. Hakuuliza nani alikuwa zamu. Aliwapanga wafanyakazi sita uani, akapita mbele yao mara tatu, mikono nyuma, na mara ya tatu akasimama mbele ya Elia, mpakia magunia kutoka kijiji cha Laela, akamnyooshea kidole. Sababu ilikuwa moja tu. Elia alikuwa anatoka jasho. Baridi ya Juni ya nyanda za juu za Ufipa, watu wamevaa makoti mawili mawili, na huyu shati limemlowa.

"Mwili wake umeshakiri," alisema Inspekta, akageuka kuangalia kama kuna mtu amesikia.

Mwili wa Elia ulikuwa umekiri malaria. Wiki iliyotangulia alikuwa ameshuka bondeni, huko Ziwa Rukwa, kupakia mpunga, na mbu wa huko hawachagui. Mtu yeyote aliyeugua malaria angemtambua kwa kumtazama macho. Lakini Inspekta alikuwa na miwani.

Winifrida alijua zaidi ya hapo. Siku moja kabla wizi haujaripotiwa, mdogo wa yule mwenye mashine alikuja kaunta akauliza, kwa upole mwingi mno, kama mtu anayesafirisha mota kwa basi kwenda Tunduma anahitaji kibali cha polisi. Alimwambia abebe risiti. Hayakuwa malalamiko, kwa hiyo hakuyaandika popote. Habari za wizi zilipoletwa kesho yake, aliunganisha mambo kabla mlalamikaji hajamaliza kutaja jina lake. Akamfuata Inspekta Adolfu kwenye korido akamweleza. Inspekta alisikiliza nusu, akatazama saa.

"Koplo," akamwambia, "wewe andika."

Winifrida akarudi kaunta, akafungua kitabu, akaandika jina la Elia kama mtuhumiwa, kwa mwandiko wake ule ambao kituo kizima kiliusifu.

Elia alikaa rumande miezi mitano, kisha akaachiwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Mwaka uliofuata mota ilionekana Tunduma, inasaga mahindi kwa shemeji wa yule mdogo mtu. Wenye mali wakayamaliza kindugu, jalada likafungwa, na hakuna aliyetuma habari Laela. Huko Elia alikuwa amerudi kulima, na watu walikuwa wameshampa jina. Walimwita Mota. Ushahidi usiotosha, kwa masikio ya watu, maana yake ni mwizi aliyejua kuficha. Mke wake Lucia akawa mama Mota kisimani na mashineni. Yote haya Winifrida aliyasikia kaunta, ambako hakuna kisichopita, na hakumwambia mtu.

Basi mwaka 2023 vijana wa Katandala wakataka kutengeneza filamu. Mwongozaji alikuwa Calvin, fundi simu, kijana wa maneno mengi. Mpiga picha alikuwa Jenifa, ambaye alizoea kupiga picha za harusi na kipaimara, na kwa kuwa kamera ilikuwa yake, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya kuwakejeli wapelelezi maarufu wa kwenye televisheni. Watatu kati yao wanaletwa Ufipa kumtafuta ng'ombe wa mwenyekiti wa kijiji. Mmoja havui koti refu hata juani. Wa pili hufumba macho ili afikiri, na akishafumba hugonga ukuta. Wa tatu ana kompyuta inayosoma unywele mmoja na kumtaja mwenye unywele mpaka ukoo wake. Wanapima nyayo, wananusa samadi, wanahoji kuku. Muda wote huo ng'ombe amefungwa nyuma ya kituo cha polisi.

Vijana walikuja kwa Winifrida kuuliza kaunta ya polisi inakaaje. Yeye akadai kwanza kusoma kilichoandikwa. Alisoma kurasa zote kumi na tisa amekunja uso, nao wamekaa kwenye benchi kama watu wanaosubiri dhamana.

"Huyu koplo wa kaunta amelala," akasema.

"Ndiyo, bibi," akasema Calvin. "Ndicho kichekesho chenyewe. Ng'ombe yuko nyuma yake, yeye anakoroma."

"Pale kituoni asiyelala ni koplo peke yake. Andika kwamba anajua. Anajua ng'ombe yuko wapi tangu mwanzo, na hakuna anayemwuliza."

Jenifa alimgeukia Calvin akamwambia hiyo inachekesha zaidi. Ikabaki swali la nani aigize. Winifrida aliwataka wamtajie wasichana waliowafikiria, akauliza kuhusu kucha zao, akasema kwa kucha hizo hakuna atakayeweza kushika kalamu. Mwisho ikaonekana kwamba mwenye kucha za kufaa ni yeye.

Walipiga picha wiki tatu kwenye duka tupu walilolipaka rangi likawa kituo. Winifrida hakuridhika na kitu. Koti la mpelelezi lilikuwa la bwana harusi fulani na lilikuwa na ua mfukoni. Yule wa kufumba macho alikuwa anachungulia. Ng'ombe alikuwa dume la kukokota jembe lililozoea kazi, likasimama pale lilipoambiwa bila kuuliza mara mbili, na Winifrida akawaambia waigizaji wote kwamba angalau mmoja wao ana nidhamu. Lakini aliwafundisha. Aliwaonyesha jalada linashikwaje na mkubwa asiyelisoma. Alimwonyesha yule wa koti namna ya kuwapitia watu waliopangwa mstari: mara tatu, mikono nyuma, bila haraka, kama unachagua mbuzi. Alimpa pia maneno ya kumwambia koplo kila koplo anapofungua mdomo: wewe andika. Calvin alifurahi mpaka akapiga magoti. Alimwuliza bibi anayatoa wapi haya mambo. Bibi akasema ameyaokota kazini.

Siku ya picha ya mwisho jambo likatokea ambalo halikuandikwa. Ilitakiwa koplo acheke, avute pazia, na ng'ombe aonekane dirishani. Mpelelezi wa koti alikuwa amewapanga wanakijiji, amenyoosha kidole kwa mmoja wao, mkulima mnyonge mwenye kofia mkononi. Winifrida akainuka kwenye kiti. Hakwenda kwenye pazia. Alizunguka kaunta, akaenda kusimama katikati ya kile kidole na yule mtu.

"Ng'ombe yuko nyuma ya kituo," akasema. "Huyu mwachieni aende nyumbani kwake."

Haikuwa sauti ya kuchekesha. Kidole cha mpelelezi kikashuka chenyewe. Calvin akataka warudie kwa namna ya mzaha, lakini Jenifa alikataa, akafunga kamera yake kwenye mkoba, akasema hiyo imekwisha.

Filamu ilizinduliwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa parokia, baada ya misa ya pili. Kwa kuwa kwetu shughuli isiyo na mgeni rasmi haijawa shughuli, Calvin alikuwa ametafuta mgeni rasmi, na katika mji mzima wa Sumbawanga hakuona mtu anayefaa filamu ya wapelelezi kama Inspekta mstaafu Adolfu. Hakumwambia Winifrida, alitaka iwe ya kumshtukiza. Inspekta alikuja na miwani yake. Alihutubia dakika ishirini. Alisema upelelezi ni kipaji, kwamba wengine huzaliwa nacho na wengine hubaki kubeba makaratasi, na kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kumtazama mhalifu asimjue.

Kisha taa zikazimwa. Ukumbi ulicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mgeni rasmi. Mpelelezi wa koti alipopita mbele ya wanakijiji mikono nyuma, Inspekta alipiga paja. Aliposema "wewe andika" mara ya kwanza, Inspekta aliinama akicheka. Mara ya nne alikuwa amevua miwani anafuta machozi. Winifrida, kiti cha tatu kutoka kwake, hakutazama filamu. Alimtazama yeye tangu mwanzo hadi mwisho, akingoja wakati ambapo kicheko kingemkwama kooni. Hakikukwama. Ilipofika ile picha ya mwisho na ukumbi ukanyamaza, Inspekta alinyamaza pamoja na wengine, na ng'ombe alipolia nyuma ya kituo akacheka tena pamoja na wengine.

Baadaye, wakati wa soda, Inspekta alimfuata Winifrida akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Koplo, mmewaweza wale wa kwenye televisheni."

"Yule wa koti ni wewe, afande," akasema Winifrida.

Inspekta alicheka upya. Akawageukia waliokuwa karibu akawaambia, mnamwona huyu, na utani wake bado anao. Akaenda kupiga picha na vijana.

Winifrida alirudi nyumbani kwa miguu. Alituambia kwamba kwa miaka kumi na minne alikuwa akitunga maneno ya kumwambia mtu yule, na siku amemwambia mbele ya watu, mtu ameyapokea kama zawadi. Hakumkasirikia. Alisema huwezi kumkasirikia ndoo kwa kuwa tupu. Tulicheka. Yeye hakucheka nasi, na jioni ile hakuwasha televisheni.

Filamu ikasambaa kwa simu na kwa flashi, na haikupita miezi miwili makonda wa mabasi ya Tunduma wakawa wanaiweka njiani ili abiria wasilalamikie mwendo. Ndivyo Lucia alivyoiona. Alikuwa anatoka Laela kuleta maharage sokoni Sumbawanga, amekaa kiti cha pili, na koplo wa kaunta akatokea kwenye skrini juu ya kichwa cha dereva. Aliuza maharage yake kwanza. Halafu akapanda bodaboda mpaka Katandala, akauliza anapokaa yule bibi wa filamu.

Winifrida alikuwa uani anapepeta ulezi. Hakumtambua. Lucia alikuwa amemwona kila wiki kwa miezi mitano, alipokuwa akipita kaunta kuomba apewe kibali cha kumpelekea mumewe dawa na chakula, lakini mtu wa kaunta huona watu wengi. Lucia alikataa kiti.

"Mimi ni mke wa Elia wa Laela," akasema. "Yule wa mota. Nimekuona kwenye basi, afande. Kumbe maneno unayo."

Winifrida aliweka ungo chini. Alisema baadaye kwamba amewahi kutukanwa na walevi, wezi, wanasheria na wake wenza, na hakuna tusi lililomwingia kama lile, ambalo halikuwa tusi. Hakujitetea. Alimweleza Lucia yote akiwa amesimama: habari ya mdogo mtu, korido, mota kuonekana Tunduma, jalada kufungwa. Lucia alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mambo hayo alikuwa akiyajua wakati yeye anakuja na kindoo chake cha chakula. Winifrida akasema ndiyo.

"Na mmeyafanya ya kuchekesha."

"Nimeyafanya mimi," akasema Winifrida. "Jumuiya yenu inasali lini?"

Jumuiya ndogo ya Kikristo ya akina Lucia ilisali Alhamisi saa kumi, nyumba hadi nyumba, na zamu ya wiki ile ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wao. Winifrida alipanda basi la asubuhi. Laela walimpokea kwa furaha iliyomkera, maana wengi walikuwa wameiona filamu na walidhani amekuja kutembea. Kijana mmoja alimwomba aseme yale maneno ya ng'ombe. Akamwambia amekuja kwa habari ya mota, na furaha ikaisha.

Baada ya somo alisimama. Aliongea kama alivyozoea kuandika maelezo, tarehe kwanza, kisha mahali, kisha nani alisema nini, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alimtaja aliyechukua mota. Alimtaja Inspekta kwa cheo na jina. Kisha akasema, "Mimi nilijua siku ile ile. Niliambiwa niandike, nikaandika."

Mwenyekiti wa jumuiya aliuliza kwa nini ameyaleta sasa na si wakati ule.

"Wakati ule nilikuwa naogopa kukosa cheo," akasema Winifrida. "Na cheo chenyewe sikukipata."

Mzee mmoja upande wa ukutani, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa mstari wa mbele kumwita Elia kwa lile jina, akanung'unika kwamba hata hivyo lile jasho halijaelezwa. Winifrida alimwambia ilikuwa malaria, na kwamba akiugua yeye, aombe Mungu pasipite mtu mwenye akili kama zake. Lucia aliinamisha uso, na wanawake waliokuwa karibu naye wanasema alikuwa anacheka, ingawa mabega yanayotikisika yana sababu nyingi.

Elia alikuwa amekaa karibu na mlango muda wote. Sala ilipokwisha alitoka uani, na Winifrida akamfuata, maana aliona amekwenda umbali huo, haina maana kuishia mlangoni. Alimkuta amesimama karibu na ghala la mahindi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyezeeka kuliko umri wake.

"Baba yangu amekufa akijua nimeiba," akasema Elia.

Mwanamke huyu aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliyewahi kumjibu mkuu wa kituo mbele ya gwaride, alisimama pale na mkoba wake. Elia alimwacha asimame. Mwisho akasema waliokuwa ndani ni watu kumi na tisa tu, na kijiji kina watu wengi, na wengi wao huwapati mpaka Jumapili. Hakusema kama ni ombi.

Winifrida akakaa mpaka Jumapili. Siku tatu alilala kwenye nyumba ya watu ambao hawakuongea naye isipokuwa kwa lazima. Alimsaidia Lucia kuchambua maharage. Alikula ugali wa ulezi aliowekewa pembeni, na akasema hakustahili hata huo, lakini alikuwa na njaa. Jumapili baada ya matangazo katekista alimpa nafasi, naye akarudia maneno yale yale mbele ya kanisa zima, tarehe kwanza.

Siwezi kusema Laela ilibadilika. Watu wazima wengi waliacha lile jina, wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa ulimi wa koplo kurudi. Watoto wanalitumia hadi leo kwa sababu hawajui lilitoka wapi. Habari zilimfikia Inspekta Adolfu mjini, akawaambia watu kwamba uzee umemharibia Winifrida kumbukumbu, na watu wakaitikia, kwa sababu bado ndiye anayealikwa kuwa mgeni rasmi kwenye shughuli. Calvin anaandika filamu ya pili.

Jumatatu asubuhi Elia alimbebea Winifrida mkoba mpaka stendi. Hawakwenda kwa njia ya mkato. Walipita barabara kuu, mbele ya wanunuzi wa mahindi na maduka yote, wakati watu wanafungua, Elia mbele na koplo nyuma yake, taratibu, ili kila mtu aone. Akaweka mkoba ndani ya basi, akashuka, akaenda shambani. Hakuaga wala hakusema asante. Winifrida alituambia kwamba kama angesema asante, angemdharau.